Familia ya Uyole: Shangazi kavuka Tunduma

Shangazi Tumaini: Jamani nimefika Tunduma salama. Ila vocha ya elfu tano niliyokwangua Vwawa haipo! Nimempigia mwenyeji wangu dakika mbili tu, hata geti sijavuka.

Gwakisa: Shikamoo shangazi. Hebu tazama juu kwenye kioo, mtandao unasomeka wetu au wa Zambia?

Shangazi Tumaini: Marahaba. Wa Zambia! Na mimi niko kibanda cha chipsi upande wetu, nimelipa kwa shilingi.

Gwakisa: Ndiyo mchezo wa pale. Mnara hauna habari na mpaka. Ukikaa mahali wetu unafifia, simu inarukia wa jirani, na ikisharukia haina haraka ya kurudi. Wateja wangu wa Mwanjelwa wanaofuata mzigo Lusaka wananiletea kesi hii kila mara. Ingia mipangilio, mitandao ya simu, toa "otomatiki", chagua wetu mwenyewe. Romingi ya data, yaani intaneti kwa mtandao wa nchi nyingine, zima.

Baba Mdogo: 🎥 Video (MB 38)
Dada, kwaya ya kukusindikiza hiyo

Gwakisa: Baba mdogo!!!

Mama Gwakisa: Wifi yangu, usiifungue hiyo video

Gwakisa: Si lazima aifungue mama, inaweza kujishusha yenyewe. Shangazi, kwenye WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data. Pale pa "unapotumia romingi" ondoa tiki zote.

Baba Mdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Tumaini: Kuna kijana hapa anauza laini ya Zambia, imeshasajiliwa. Nichukue?

Lusekelo (Iringa): Usithubutu shangazi. Laini ya jina la mtu hujui jana ilimtapeli nani. Ukivuka Nakonde ingia dukani na pasipoti yako, wakusajili kwa jina lako.

Gwakisa: Na ya kwetu usiitoe. Simu yako inakula laini mbili. Ya Zambia iwe ya data, yetu ibaki kwenye tundu lake. Wewe ni mweka hazina wa kikoba, namba za kuthibitisha kutoka benki zinakuja kwenye hiyo hiyo. Ukiitoa ukaipoteza, kurenyu ni mpaka alama za vidole, na vidole viko Lusaka.

Mama Gwakisa: 😂😂 Vidole viko Lusaka

Gwakisa: WhatsApp ikikuuliza ubadili namba, kataa. Na simu za kawaida kwenye laini yetu usipokee hovyo, huko hata kupokea kunakata.

Shangazi Tumaini: Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Nimekwangua vocha nyingine. Basi linatoka Nakonde saa nane.

Baba Mdogo: Saa nane ya wapi?

Shangazi Tumaini: Kwani saa nane ziko ngapi?

Baba Mdogo: Zambia wako nyuma yetu saa moja. Nane yao ni tisa yetu. Nilipokuwa utingo niliwahi kukimbia na begi kichwani mpaka stendi ya Nakonde nikijua nimeachwa, nikakuta dereva ndiyo kwanza anapiga mswaki. Simu inajibadilisha, saa ya mkononi haibadiliki.

_Kesho yake_

Mama Gwakisa: Jamani babu amekasirika. Kitochi chake kimelia mara tano, namba ya +260. Anasema ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Shangazi Tumaini: Ni mimi jamani! Nimempigia saa moja na nusu nimwambie nimefika

Baba Mdogo: Moja na nusu yako huku ni mbili na nusu. Mzee huyo ni wa kulala na kuku.

Mama Gwakisa: Hajalala, amekaa na kitochi mkononi anakitazama kama nyoka. Nimemwambia ni Tumaini. Anasema namba ya Tumaini ameiandika kwa mkaa ukutani jikoni na siyo hiyo.

Shangazi Tumaini: Wifi mpe simu yako nimpigie WhatsApp

Mama Gwakisa: Hataki. Anasema kama ni wewe kweli, taja jina la ng'ombe aliyetumbukia kisimani.

Shangazi Tumaini: 🎤 0:04

Mama Gwakisa: Amecheka mpaka amekohoa. Haya piga kitochi, anapokea.

Gwakisa: Shangazi, piga kwa ile ya +260 lakini!

Shangazi Tumaini: Nimeshapiga kwa ile ya ukutani.