Naomba ushauri: mkataba unaisha, mtoto anasoma Kifaransa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mtanzania, fundi wa minara ya simu hapa Lubumbashi, Kongo, mwaka wa 6 sasa. Kazi yangu ni jenereta za dizeli. Minara inazidi kuwekewa sola na betri, na mkataba wangu unaisha Desemba. Nimeomba kuhamishiwa kazi za faiba (nyaya za intaneti), nimekataliwa.

Mke wangu anataka turudi Mbeya. Lakini binti yetu yuko darasa la 5, amesoma kwa Kifaransa tangu chekechea. Kiswahili anakiongea vizuri, kukiandika bado kabisa. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko mshahara.

Aliyewahi kurudi na mtoto wa namna hii, alipokelewa darasa lilelile au alirudishwa nyuma? Na mimi nijifunze sola hapahapa kwanza, au nikajifunzie nyumbani?