Nimeshuka meli, nimebaki Hamburg: nianzie wapi?

Kutoka: Baharia wa Tanga

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Wakubwa shikamooni.

Miaka yote hii Hamburg nimeijua kutokea majini. Meli inaingia, tunafunga kamba, ukibahatika unapata muda wa kwenda Duckdalben, ile klabu ya mabaharia pale Waltershof, unapiga simu nyumbani, unakunywa kahawa, unarudi melini. Sasa bahari nimeiacha. Nimepata kazi ya ghala hapa bandarini, kibali cha ukaazi kipo, naanza mwezi ujao. Kwa sasa nalala sebuleni kwa rafiki huko Billstedt, na shemeji ameanza kuosha vyombo kwa kishindo.

Kuna mtu ananipa chumba kwa bei nzuri sana, ila anasema nisijiandikishe hapo. Nikichukue? Na mtu ambaye tangu ujana hajawahi kulipa pango wala umeme, anaanza na lipi?

Kutoka: Mama wa Altona

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Karibu nchi kavu.

Hicho chumba achana nacho. Hapa bila anwani huna lako. Sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ndiyo hiyo Anmeldung unayoisikia kila siku, na hawakuandikishi bila karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Anayekukataza ana lake jambo: ama na yeye ni mpangaji asiye na ruhusa ya kupangisha, ama hataki kipato chake kijulikane. Usipojiandikisha, ile namba ya kodi ya mapato yenye tarakimu 11, inayoletwa kwa posta, utaisubiri sana. Mwajiri asipokuwa nayo anaweza kukukata kwa daraja la sita la kodi, ambalo ndilo zito kuliko yote. Pesa iliyozidi hurudishwa baadaye, sawa, lakini mwezi wa kwanza utakula nini?

Ukishapata chumba halali, using'ang'anie ofisi ya mtaani kwako. Hapa Hamburg unaweza kuandikishwa katika ofisi ya wilaya yoyote. Tazama tovuti yao asubuhi mapema, kuna watu hughairi miadi.

Halafu jina kwenye kisanduku cha barua. Hili watu wanalipuuza mno. Sisi tumekulia kwenye S.L.P.: barua inakwenda shuleni, au ofisini kwa mjomba, inakungoja mpaka upite. Huku fleti nyingi hazina hata namba. Tarishi anasimama mbele ya safu ya visanduku, anasoma majina ya ukoo, lako lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka. Nimemwona kijana akikosa kadi ya benki, kadi ya bima na hiyo namba ya kodi, vyote kwa pamoja, kwa sababu ya kipande cha karatasi na selotepu. Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla begi halijaingia ndani, bandika jina kisandukuni na kwenye kengele. Na liwe lile lililoandikwa kwenye pasipoti kama la ukoo, hata kama ni la babu yako na hakuna aliyewahi kukuita hivyo.

Kutoka: Fundi wa Harburg

Mama shikamoo. Yote sawa, ila mpangilio mimi naugeuza. Hicho chumba halali anakipata wapi? Kwenye matangazo ya mtandaoni anashindana na watu wenye hati za mishahara ya miezi mitatu na ripoti safi ya Schufa, yaani rekodi ya kulipa madeni. Yeye ana kitabu cha baharia. Hapa unaanza na watu, anwani inafuata.

Mimi chumba changu cha kwanza nilikipata msibani. Tulikusanyika kuchanga pesa za kusafirisha maiti, mzee mmoja akanisikia nikilalamika, akasema mpangaji wake anahama. Kwa hiyo kaka, nenda walipo watu: msikitini, harusini, kwenye mpira. Usifike na shida yako mdomoni. Beba viti, osha masufuria, wakujue kwanza.

Na usiishie Altona na St. Pauli, bei za huko zitakuumiza. Vuka mto uje Wilhelmsburg au Harburg, treni za S3 na S5 zinapita, na bandari iko jirani. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, sasa imefika 63. Muulize mwajiri, wengine huchangia.

Dhamana isizidi pango la miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Anayetaka pesa kabla hujakiona chumba, eti yuko safarini na funguo zitakuja kwa posta, huyo mwizi.

Kutoka: Mwanafunzi wa Eimsbüttel

Nyongeza tu, wakubwa. Akaunti ya benki haingoji anwani. Tangu 2016 benki zinalazimika kumfungulia akaunti ya msingi mtu yeyote anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata asiye na makazi maalumu. Taja neno Basiskonto. Wakikataa, waambie wakupe sababu kwa maandishi, utaona wanavyolegea.

Ukishajiandikisha tu, itakufuata barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama televisheni huna. Usiitupe. Inatozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo mkikaa watatu mnalipa moja. Na leseni ya udereva ya nyumbani hapa ina uhai wa miezi sita, baada ya hapo ni mitihani. Wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza au Kiarabu. Kiswahili bado.

Kutoka: Mama wa Altona

Fundi marahaba. La msibani sikubishii, limenishinda.

Nina moja tu nyingine. Marehemu mume wangu naye alikuwa baharia. Alipoacha meli aliendelea kuamka usiku wa manane, kwa sababu zamu yake ilikuwa saa sita mpaka saa kumi. Anavaa koti, anazunguka jikoni, anagusa vishikizo vya madirisha kimoja kimoja. Begi lilikaa pembeni mwa mlango. Mswaki anautoa, anasugua meno, anaurudisha ndani, anafunga zipu. Kabati tupu!

Melini mesi ikifunguliwa unakwenda, unakula na wenzako. Huku hakuna wa kukuita mezani, unaweza kumaliza wiki kwa mkate na chai. Yeye kilichomtuliza ni soko la samaki la Altona. Kiangazi hufunguliwa Jumapili saa kumi na moja alfajiri, na yeye saa hizo yuko macho tayari. Wauzaji wanapiga makelele kama pale Deep Sea kwenu Tanga. Akawa hakosi, mpaka muuzaji mmoja wa mikunga akawa anamwekea fungu lake. Kijerumani chake kilianzia kwenye samaki, darasani alikwenda baadaye.

Jumapili njoo kwangu, napika pilau. Na mwanafunzi wa watu naye aje, najua hali.

Kutoka: Baharia wa Tanga

Ahsanteni sana. Yule mtu nimemwambia hapana. Fundi kaniunganisha na jamaa wa Wilhelmsburg, nimekiona chumba, na mwenye nyumba amekubali kusaini karatasi. Ila jamani, hata taa hakuna! Waya mbili tatu zinaning'inia darini, na pale pa jiko yamebaki matundu ya bomba. Nimeambiwa ndivyo wanavyohama huku, mtu anaondoka na vyake vyote.

Nani ana drili? Nilitaka nifunge taa na rafu Jumapili, nikitoka kwa Mama.

Kutoka: Fundi wa Harburg

Drili ninayo. Jumapili sahau, hapa siku hiyo hata msumari hupigilii, jirani atakuitia polisi hujaonana naye bado. Nakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Tafuta ngazi, na hizo waya usiziguse mpaka nifike nizime umeme.