Mjadala: Sarafu za dhahabu za marehemu wa kifalme wa Roma, ziuzwe bila kuulizwa zilikotoka?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani inasema kwamba sarafu za dhahabu walizotoa watawala wa Roma ya kale kuwakumbuka jamaa zao waliofariki ni mali kama mali nyingine, na kwamba aliyezinunua mnadani kwa fedha halali hapaswi kuulizwa zilichimbuliwa wapi. Naipinga.

Tumtazame Faustina, mke wa mtawala Antoninus Pius, aliyefariki mwaka 140. Seneti ilimtangaza kuwa mungu, akajengewa hekalu ambalo nguzo zake zimesimama Roma hadi leo, na mumewe akaendelea kutoa sarafu zenye sura yake kwa miaka mingi. Upande mmoja tunamwona na nywele zilizosukwa na kuzungushwa utosini, pamoja na maneno DIVA FAVSTINA, yaani Faustina aliyetangazwa mungu. Upande wa pili, mara nyingi, limeandikwa neno AETERNITAS, yaani umilele. Zipo pia zinazowaonyesha wasichana waliolelewa kwa mpango wa msaada ulioanzishwa kwa heshima yake, na hizo ndizo zinazonigusa zaidi. Sarafu moja ya dhahabu ilikuwa sawa na dinari 25, yaani sarafu 25 za fedha za Kirumi, ilhali askari wa legioni, kikosi kikuu cha jeshi la Roma, alilipwa dinari 300 kwa mwaka. Je, kumbukumbu hiyo ilimfikia nani hasa? Jibu tunalipata mahali sarafu ilipofukiwa, katika chombo ilimowekwa na kwa sarafu zilizokuwa pamoja nayo.

Mwaka 1993, mjini Trier, Ujerumani, mtambo uliokuwa ukichimba mahali pa kujenga maegesho ya magari ulivunja chombo cha shaba kilichojaa dhahabu ya Kirumi. Sehemu ya hazina hiyo ilisombwa na kifusi hadi jaani, ambako wapenzi wa mambo ya kale waliitafuta na kutoa taarifa. Ndiyo maana sarafu zaidi ya 2,500, zenye uzito wa karibu kilo 18.5, zinachunguzwa leo kama hazina moja. Zingeuzwa mojamoja kimyakimya, tungebaki na picha za katalogi tu.

Nakubali kwamba wakusanyaji binafsi wamewasaidia wataalamu, na kwamba makumbusho nayo huvamiwa. Wezi walijaribu kuiba hazina hiyohiyo mwaka 2019, wakashindwa. Kwa hiyo sitaki biashara ipigwe marufuku. Nataka sarafu isiyo na hati ya asili yake isipokelewe mnadani. Anayeona kwamba sharti hilo linamwonea mnunuzi mwaminifu atueleze mnunuzi huyo anapoteza nini akisubiri hati.