Tairi za STI: mjini kila siku, traki mara moja moja. Nichukue zipi wakuu?

Kona_ya_Mbezi:
Habari za muda huu wakuu. Nimeshusha Subaru Impreza WRX STI (GDB, hiyo ni kodi ya modeli) kutoka Japani, imetoka bandarini juzi juzi tu, injini safi bodi safi ila miguu ndo inanitia wasiwasi. Imekuja na Yokohama iceGUARD, kashata (yale mapande ya mpira yanayokanyaga lami) bado nyingi kabisa, na jamaa wa gereji ananiambia tembelea hizo hizo mpaka ziishe kwanini utupe tairi nzima. Lakini nikikata kona naisikia gari inaogelea, nageuza usukani afu gari inafikiria kwanza ndo inafuata, na jua likiwa kali nikifunga breki inaenda mbele kuliko ninavyotegemea.

Matumizi yangu ni kazini Posta kutokea Mbezi Beach, foleni, matuta, mashimo, mvua ikinyesha maji mpaka kwenye rimu. Wikiendi moja moja tuna kikundi tunakodi eneo la lami lililofungwa, tunapanga koni tunakimbiza saa, hiyo ndo traki yetu. Mbio za usiku barabarani sizitaki kabisa, naomba hilo lieleweke. Saizi 225/45R17, bajeti milioni 2 na nusu kwa tairi nne. Kuna mtu kanitajia Toyo R888R, mwingine Pilot Sport 4S, mwingine ananiambia chukua mtumba Ilala maana kwenye traki zitaisha tu. Nataka seti moja ifanye kazi zote. Nisaidieni.

Fundi_Miguu:
Hongera kwa chuma mkuu. Cha kwanza toa hizo iceGUARD, wala usisubiri ziishe. Hizo ni tairi za barafu, angalia ubavuni utakuta imeandikwa STUDLESS, na ukiangalia kashata zake zina vimistari vingi vyembamba kama zimekatwa na wembe. Mpira wake umeundwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri, sasa we unaiweka kwenye lami ya Dar saa nane mchana, kashata zinalala huku na huku, ndo huko kuogelea unakosikia, na breki ndo hiyo inayokwenda mbele. Gari nyingi za Japani zinashuka nazo, hasa zilizokuwa zinaishi upande wa theluji, na watu wanazitembelea miaka kwa sababu wanaona kashata zimejaa. Hapo gereji wamekupoteza, kujaa kashata hakuifanyi tairi ya baridi iwe tairi ya joto.

Na mtumba kwa matumizi yako hapana. Tairi za kuchongwa ndo kabisa usizisogelee, mtu anachukua kipara anakata mifereji upya na kisu cha moto, pengine kakaribia nyaya za ndani, we unaiona mpya. Hata ukinunua ya dukani soma tarehe, tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, ikiandikwa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unakauka hata ukiwa stoo, na stoo zetu za bati zina joto. Mwambie muuzaji azungushe tairi uone mwenyewe, maana hiyo namba iko upande mmoja tu, upande wa pili DOT inaweza kuwepo bila tarehe.

Dada_Boxer:
Naongezea kuhusu R888R maana naona vijana wengi wanaikimbilia kwa sababu ya muonekano. Ni tairi nzuri sana kavukavu, sibishi, lakini TREADWEAR yake (namba ya ubavuni inayokadiria tairi itadumu kiasi gani, ikiwa ndogo inaisha upesi) ni 100 na mifereji ni michache. Mifereji kazi yake ni kuyatoa maji chini ya tairi, yakikosa njia tairi inapanda juu ya maji na hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla na hauna kitu mkononi, wala AWD (kuvuta kwa magurudumu yote) haikusaidii, magurudumu yote manne yako juu ya maji. Masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli tena Oktoba, sasa kaka unatoka kazini saa kumi na mbili jioni Bagamoyo Road imejaa maji pembeni na daladala linakuchomekea, utafanyaje na tairi ya traki?

Kuhusu 4S, kwa rimu 17 utahangaika, nyingi ni za 18 kwenda juu. Angalia Pilot Sport 5, saizi yako ipo, mvua inashika na kona inajibu vizuri. Na koni zenu hizo ni mizunguko mifupi, tairi nzuri ya mtaani itavumilia.

Saa_Haidanganyi:
Dada Boxer kwenye mvua nakubaliana na wewe asilimia mia, ila hiyo ya kuvumilia inategemea anaendeshaje. STI ina karibu tani moja na nusu na uzito mwingi uko mbele, tairi za mbele ndo zinateswa. Tairi ya mtaani ukiikimbiza mfululizo mpira unapata joto kupita kiasi, unaanza kuteleza kama umepakwa mafuta, na mabega yanaliwa. Mi ningemwambia achukue za kundi la 200, Bridgestone RE-71RS au Yokohama A052, zote TREADWEAR 200. Zinanata kweli kweli. Namba yenyewe lakini usiichukulie kama mizani, kila kampuni inajipimia yenyewe, kwahiyo 200 ya huyu siyo lazima iwe 200 ya yule.

Fundi_Miguu:
Zinanata ndiyo, lakini kwa foleni ya kila siku atazila upesi na bajeti yake haitoshi kurudia. Bora tairi za mtaani sasa hivi, seti ya pili ya rimu baadaye.

Afu kuna kitu hakuna aliyemwambia na ndo kikubwa kwa Subaru. Nne zote zibadilishwe pamoja, chapa moja, saizi moja. Subaru wanataka mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, yani milimita 6 na kidogo. Piga hesabu uone, milimita 1 tu ya kashata inakula nafasi yote hiyo. Tairi mpya ina kama milimita 8, iliyotumika ina 4, ukichanganya hizo mbili mzunguko unapishana karibu milimita 25, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukienda Posta polepole. Kwahiyo ukipasua moja kwenye shimo usinunue moja ukatulia. Ukiweza nunua tano, ya tano kaa nayo na uizungushe na wenzake.

Saa_Haidanganyi:
Hiyo ya difu ni sahihi kabisa, asiipuuze.

Upepo pia mkuu. Anza na kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, hicho ni cha tairi baridi. Siku ya koni tairi ikipata moto upepo unapanda wenyewe, kwahiyo kila ukirudi pima ikiwa bado ya moto, toa kidogo kidogo, wengi wanaishia PSI 34 hadi 36 za moto. Chukua chaki, chora mstari kutoka kashata ya pembeni ushuke mpaka ubavuni, zunguka, rudi uangalie imefutika mpaka wapi. Kwenye bega kuna kialama kidogo cha pembetatu, chaki ikifutika mpaka kwenye ncha yake uko sawa, ikivuka ikaingia ubavuni tairi inajikunja, ongeza. Ikibaki juu punguza. Nunua geji yako, za vituoni kila moja inasoma lake. Na kabla ya kurudi nyumbani jaza tena, usiingie barabarani na upepo wa traki.

Kona_ya_Mbezi:
Wakuu asanteni sana. Nimeenda kuangalia ubavuni, STUDLESS imeandikwa kweli, na DOT inaishia 3816! Zinatoka. Nachukua Pilot Sport 5 nne nikipata tarehe ya karibuni, na RE-71RS nitaweka kwenye rimu za pili mwakani. Kuna jamaa anauza rimu za STI used, kasema zinaingia GDB zote, nimpe advansi?

Fundi_Miguu:
Usitoe hela bado. GDB za mwanzo ni 5x100 (matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100), za baadaye ni 5x114.3, haziingiliani. Pima kwanza za kwako, afu nenda na rimu moja mkononi mkalinganishe matundu. Angalia pia kama zinapita breki za Brembo, fundi aifunge kabisa na uizungushe kwa mkono ukiwa hapo hapo.

Dada_Boxer:
Na alaimenti ufanye baada ya kufunga tairi mpya, siyo kabla. Kama shokapu za mbele zinavuja anza na hizo.