Tupeane uzoefu: pumba za mpunga kwa samaki wa kufuga, tulio Mombasa

Mwanzisha mada
Salaam aleikum. Chakula cha samaki cha dukani kinatumaliza, na kila ninayemuuliza ananiambia "tia pumba za mpunga". Shida yetu sisi, mchele mwingi tunaokula hushuka bandarini kutoka Pakistan ukiwa umeshakobolewa, pumba zake zimebaki hukohuko. Za kwetu zapaswa kutoka Mwea, au Hola na Bura. Mlizozitumia, semeni: zinafaa kweli?

Mama wa Mikindani
Waaleikum salaam. Kwanza, pumba na makapi ni vitu viwili. Pumba ni ule unga laini unaotoka mchele ukisuguliwa. Makapi ni ganda la nje, limejaa silika, madini magumu kama ya mchanga, samaki halimfai kitu. Sasa vinu vidogo vinavyopitisha mpunga mara moja hutoa vyote pamoja, na gunia likifika huku linaitwa pumba tu. Mimi sinunui kwa kutazama juu. Natia mkono hadi katikati ya gunia, nafumba ngumi. Pumba nzuri hushikana, ukifumbua waona alama za vidole. Yenye makapi humwagika na kukuwasha kiganja. Nikiwa bado na shaka natupia kidogo kwenye beseni la maji, makapi yanaelea. Muuzaji akinuna, anune.

Ami wa Jomvu
Dada kasema kweli, ila bado harufu. Mafuta ya pumba ndiyo raha yake na ndiyo balaa lake. Mpunga ukishakobolewa, kimeng'enya kilichomo huanza papo hapo kuyavunja yale mafuta. Weka na safari ya lori, weka na joto letu hili, gunia linafunguliwa linanuka kama mafuta ya viazi karai ya juzi. Samaki anaonja, anatema. Ukiweza kumpata mwenye kinu, mwombe azikaange kavu kwenye karai siku hiyohiyo, moto unakiua kimeng'enya. Zikishachacha, kukaanga hakurudishi kitu. Na zenye ukungu tupa kabisa, aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa moto wa karai.

Kijana wa Mtwapa
Mwatiko wangu wa maji ya chumvichumvi wanazila. Lakini nusu nahisi nalisha maji: zinazozama zinaoza, zinakuwa mbolea, maji yanageuka kijani, na mwatiko anakula huo ute wa chini. Ukizidisha, alfajiri utawakuta wanahema juu.

Mama wa Mikindani
Ndiyo maana tilapia wangu siwapi pumba tupu. Anayekua ataka protini kama asilimia 25 hadi 30, na pumba nzuri ina kama 12. Dagaa mkavu aliyesagwa tumpe 55. Kilo tatu za pumba kwa moja ya dagaa, wapata kama 23. Mbili kwa moja, 26. Dagaa ndiye anayekula pesa, si pumba.

Mwanzisha mada
Na unawapa ukiwa unga hivyohivyo?

Mama wa Mikindani
La, unga unapeperuka. Nakanda na uji wa muhogo, napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama ya mkono, zinatoka kama tambi, naanika kivulini hadi zikatike zenyewe.

Kijana wa Mtwapa
Hiyo mashine, yuko wa kuazima upande huu?

Ami wa Jomvu
Ninayo, njoo Jumamosi. Lakini uirudishe imeoshwa.