Fayaplesi au hita? Mama ametoka Likoni na nyumba yetu ya Karen ni baridi mno

Mama Shanga, Karen

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi na fayaplesi.

Mwezi wa tano tulihamia nyumba ya mawe ya zamani hapa Karen, yenye madirisha ya chuma, sakafu ya mbao inayolia ukipita, na sebuleni fayaplesi pana ya mawe, yaani meko ya kuotea moto yenye dohani ya kutolea moshi. Mwenye nyumba hakumbuki iliwashwa lini mara ya mwisho.

Mama yangu amekuja kutoka Likoni kutibiwa magoti, na ana miadi na daktari hadi mwisho wa mwezi wa nane. Ana miaka 74, na maisha yake yote baridi aliyoijua ni ile ya kusi ikivuma. Jumanne asubuhi niliingia kumwamkia nikamkuta amekaa kitandani, leso tatu juu ya sweta, vidole vimekakamaa. Nilimpa chai ya tangawizi, akakizungushia kikombe viganja viwili na wala hakunywa. Alikuwa anajipasha tu. Kipimajoto nilichotundika ukutani kwake kilisoma nyuzi 15, na hiyo ni saa kumi na mbili, ndani ya nyumba. Nilienda kazini moyo umebaki pale kitandani.

Sasa kuna njia mbili. Nimeona hita ya stima ya mafuta, zile zenye mbavu za chuma, ya wati 2,000. Au tusafishe dohani na tununue pikapu moja ya kuni. Mume wangu anataka moto, anasema nyumba iliyojengwa na dohani ilijengwa iwashwe. Mimi naogopa moshi kwa sababu mama ana kifua, na hita naiogopea tokeni za stima. Mngekuwa nyinyi mngechagua nini?

Fundi wa Mawe, Dagoretti

Dada, mpe mama shikamoo zangu. Nimejenga na kukarabati dohani miaka 22, Karen, Tigoni, Limuru, kwa hiyo nisikilize kwa hili: fayaplesi iliyo wazi haipashi nyumba. Sehemu kubwa ya joto hupanda na dohani ikaenda zake. Tena moto ukishapamba unavuta hewa ya sebule kwenda juu, na nafasi yake lazima ijazwe. Inajazwa na hewa ya nje, inayoingia kwa nyufa za hayo madirisha ya chuma na chini ya milango. Ndiyo maana aliyekaa mbele ya moto anaungua magoti huku mgongo wake unaganda, na chumba cha mwisho wa korido kinazidi kuwa baridi kuliko kabla hamjawasha. Chumba cha mama kiko wapi? Kama hakipakani na ukuta wa dohani, huo moto hautamfikia.

Limuru wengine wanaingiza jiko la chuma lenye mlango wa kioo ndani ya fayaplesi. Hilo linakula kuni kidogo na joto linabaki, kwa sababu hewa inaingia kwa kipimo. Lakini ni gharama, na wewe umepanga.

Swali lingine. Chumba chake kinatazama wapi? Mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kusini hakilioni kabisa. Ukiwa na chumba cha kaskazini mhamishie huko kabla hujanunua chochote.

Waya na Soketi

Naongeza upande wa stima. Usilipie zaidi kwa hita inayosifiwa kuwa "inaokoa umeme". Wati 2,000 ni wati 2,000, na karibu zote zinageuka joto, iwe hita ya mafuta, ya feni au ya taa. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya taa inakupiga wewe uliyekaa mbele yake, ukiizima limekwisha. Ya feni inapasha hewa haraka na inapiga kelele. Ya mafuta inachelewa, ila inashika joto hata baada ya kuzimwa, haina mwanga wala kelele, na haichomi nguo upesi. Kwa mzee anayelala ningechukua ya mafuta, tena yenye themostati inayojizima chumba kikifika kipimo.

Hesabu yako ni hii. Saa moja ya wati 2,000 ni uniti 2. Saa nne ni uniti 8. Kwangu uniti inatoka karibu shilingi 30 ukijumlisha kodi zake zote, kwa hiyo ni 240 kwa usiku na 7,200 kwa mwezi. Hapo ni kama hita haipumziki. Kwa chumba kidogo kilichozibwa vizuri, themostati itaikata mara nyingi, utalipa pungufu ya hapo.

Na tafadhali, usiichomeke kwenye ekstensheni. Mwaka jana niliitwa Kinoo, watu wamechomeka hita kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, pamoja na televisheni. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, plastiki imekuwa rangi ya kahawa na chumba kizima kinanuka samaki. Harufu hiyo ukiisikia, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye. Hita ichomekwe ukutani, peke yake.

Mama wa Umoja

Mimi sina fayaplesi wala hita. Naandika kwa sababu najua mzee akishikwa na baridi usiku wa manane mtu atasema "leteni jiko chumbani". Dada yangu, usikubali.

Mwaka 2019, mwezi wa saba huu huu, nilikuwa nakaa chumba kimoja na mdogo wangu. Tulipika githeri kwenye jiko la makaa, likabaki jekundu vizuri, hakuna moshi hata kidogo. Tukaona tuliache ndani. Nilifunga dirisha, nikasukuma tambara chini ya mlango. Niliamka kichwa kinagonga kama kinu, nikajaribu kusimama magoti yakakataa. Nilitambaa hadi mlangoni. Mdogo wangu nilimwita, haitiki. Jirani ndiye aliyemburuta hadi nje kwenye ukumbi. Alitapika mpaka asubuhi, lakini yuko hai, Mungu ni mkubwa.

Hospitali walitueleza ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu pahali pa oksijeni, kwa hiyo unalala usingizi mzito huku mwili unakosa pumzi. Kutokuwa na moshi kulitudanganya. Hata hiyo fayaplesi, kama dohani imeziba, ni jiko lile lile.

Mama Shanga, Karen

Mama wa Umoja, nimekusoma mara mbili na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Pole sana, na asante.

Fundi, chumba cha mama kiko kusini, mwisho wa korido. Maneno yako ni kweli tupu.

Kuna jambo limetokea leo. Mama mwenyewe alisikia tunabishana kuhusu dohani akasema, "Leteni chetezo." Aliweka kaa dogo na udi, tukakiingiza kwenye fayaplesi, madirisha wazi. Moshi ulipanda kama hatua mbili, ukasita, ukageuka, ukaanza kumwagika chini ya lile jiwe la juu, ukaja sebuleni. Mama akasema njia imefungwa huko juu. Maana yake nini?

Fundi wa Mawe, Dagoretti

Mama yako ni fundi. Hilo ndilo jaribio ninalofanya mimi, ila natumia gazeti. Ama kile kibao cha chuma kwenye koo la dohani kimefungwa na kutu, au kuna kiota. Msiwashe kitu. Ita mtu mwenye brashi ndefu, apande juu ya paa, si mtu wa kuchungulia kwa chini na tochi.

Mkifika kwenye kuni, mkaratusi au muwati, uliopasuliwa na kukaushwa karibu mwaka. Gonganisha vipande viwili: mkavu unalia, mbichi unatoa mdundo mzito kama unagonga mgomba. Na ukiona povu linatoka miishoni kwenye moto, umeuziwa maji. Kuni mbichi ndizo zinazopaka dohani masizi yenye mafuta, na hayo masizi siku moja yanashika moto humo humo.

Mama Shanga, Karen

Narudi kutoa ripoti baada ya siku kumi.

Tulimhamishia mama chumba cha watoto, cha kaskazini. Siku zenye mawingu hakuna tofauti kubwa, lakini jua likitoka alasiri ukuta unapata joto na chumba kinalala na nyuzi mbili zaidi. Nilishona pazia zito hadi sakafuni na kutengeneza mto mrefu wa mchanga wa kuzibia chini ya mlango. Tulinunua hita ya mafuta, ipo ukutani peke yake. Inawaka kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, na tena saa kumi na moja alfajiri kabla hajaamka kuswali. Asubuhi kipimajoto kinasoma 19. Tokeni imepanda, siwafichi, lakini haijafika ile 7,200.

Dohani ilikuwa na kiota. Mtu wa brashi alishusha ndoo mbili za vijiti, manyoya na masizi. Mama alirudia jaribio la udi, moshi ukanyooka juu kama uzi. Kwa hiyo tunawasha Jumamosi na Jumapili jioni tu, dirisha likiwa wazi kidogo, na hatulali mpaka makaa yamekufa. Ile pikapu ya kuni hatukuinunua. Mizigo minne inatosha mwezi.

Jumamosi alikaa mbele ya moto na wajukuu, anawahadithia juu ya feri na kusi. Kifua hakikumsumbua. Ilipofika saa tatu aliniita nikamsaidie kuvua leso moja.