Nisaidieni jamani, nataka kuweka kituo cha hali ya hewa juu ya nyumba, niko Likoni

KijanaWaLikoni
Salaam aleikum wadau. Kwetu maji ya mfereji huja yakitaka kwa hivyo tunakinga ya mvua, juu ni slebu na tenki ni la lita 5,000, lakini kila masika nakisia tu. Apu ya simu inanipa habari za kule kiwanja cha ndege, na si mara moja imesema kukavu na hapa mvua inapiga mpaka mtu hamskii mwenzake. Mzee wangu alikuwa mvuvi, akitoka barazani alfajiri anakwambia kusi ishaingia na kweli imeingia. Nataka nami nianze kuandika mvua, upepo na joto mwaka mzima, kusi na kaskazi. Nishawahi kununua moja ya bei rahisi, miezi sita skrubu zote zimeliwa na kutu na kile kikombe cha upepo hakizunguki tena. Sasa nichukue Davis nijikaze na bei, ama Ecowitt, ama nini?

FundiDishi_Bamburi
Kaka kabla ya jina la kampuni niambie utaiweka wapi. Slebu inashika joto, jua lishatua bado inapumua moto, ukiweka kipima joto karibu nayo kitakudanganya kila siku. Joto hupimwa mita 1.25 mpaka 2 juu ya ardhi yenye nyasi na kivulini penye hewa, upepo nao wanataka mita 10 juu, kwa hivyo zile za kila kitu kichwa kimoja lazima upoteze upande mmoja. Mimi kwako ningechukua yenye sensa mbalimbali, upepo nipandishe juu ya bomba, joto nilishushe uani. Na chumvi ya bahari haina huruma, bomba liwe la GI (chuma kilichopakwa zinki), klampu na skrubu zote stenlesi, na uwe unasafisha kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, mara kwa mara hasa wakati wa kusi.

MamaTudor
Mwanangu kama shida yako ni tenki anza na kipima mvua cha plastiki cha kusoma kwa macho, pesa kidogo tu. Mimi nasoma changu saa tatu kila asubuhi naandika kwa daftari. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba, slebu yako ikiwa mita mraba 80 basi mvua ya milimita 20 ni lita 1,600, toa kidogo inayomwagika. Hata ukinunua ya umeme usikitupe, kitakuwa shahidi. Ile ya umeme, ya vijiko vinavyojaa na kupinduka, unaijaribu hivi: mdomo wa duara ukiwa na upana wa sentimita 20, mimina mililita 314 polepole sana, lazima isome kama milimita 10.

Yakhe_Kisauni
Ukiagiza angalia masafa ya redio yahe, 915 MHz ni ya Marekani, huku chukua 868 au 433, na kile kioo cha ndani kifanane na sensa za nje la sivyo havitaskizana. Nyingi zinashika waifai ya 2.4 GHz peke yake. Halafu kunguru!! Hawa wetu wa Mombasa watakaa juu ya kipima mvua mchana kutwa na uchafu unaziba tundu, funga vijiti vya waya vimesimama kuzunguka mdomo.

KijanaWaLikoni
Shukran sana, sikuwa nimewaza hayo ya slebu kabisa. Uani kuna mwembe wa jirani, mrefu kama mita 6, kipima mvua nikiweke umbali gani?

MamaTudor
Angalau mara mbili ya urefu wake, mita 12. Ikiwa uwa hautoshi basi hicho cha mvua peke yake kipeleke juu, mbali na ukuta wa ukingoni.

KijanaWaLikoni
Basi naenda na sensa mbalimbali. Mzee amefurahi, amesema ataandika upepo wake kila alfajiri tuone kama vinalingana.

FundiDishi_Bamburi
Vizuri. Siku ya kupandisha beba dira, ile alama ya N kwenye kipima upepo iangalie kaskazini. Vitabu vyao vingine vya maelezo vinasema paneli ya sola ielekee kusini, hiyo ni ya walio huko juu kaskazini mwa dunia, sisi jua linatupitia pande zote mbili. Ukigeuza hapo mzee ataandika kusi na mashine itasema kaskazi.